Deki ya Mkwe

Mume wangu anaimiliki Zanzibar. Huiweka ndani ya boksi la viatu, imezungushiwa kipande cha kanga yangu kuukuu, na hakuna ruhusa ya kuigusa kwa mikono yenye mafuta ya sambusa. Ni gari moshi la mfano, kipimo cha moja kwa 76, halifiki sentimita 30 kutoka pua hadi mkia, na ubavuni juu ya magurudumu lina kibao cha jina kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Injini yenyewe ilikuwapo kweli. Shirika la reli la LMS liliiunda papa hapa Crewe, Uingereza, tunapoishi, mwaka 1934, ikiwa moja kati ya injini 191 za kundi lililoitwa Jubilee, kwa heshima ya Mfalme George wa Tano aliyetimiza miaka 25 ya ufalme mwaka 1935. Mhandisi wake alikuwa William Stanier. Majina yakatafutwa, na kwa kuwa mfalme alikuwa na makoloni mengi, hayakuwa haba. Makoloni yalipokwisha wakaingia maamiri wa bahari na manowari zao. Ndiyo maana Mwingereza aliyesimama kituoni kwenye manyunyu ya mvua akisubiri kwenda kazini aliweza kuvutwa na Kenya, Uganda, Tanganyika au Zanzibar. Siku hizo Unguja yenyewe reli yake ya Bububu ilikuwa imekwisha kufa. Sisi tunatawaliwa, jina letu linavuta mabehewa ya watu Ulaya, na wala hatukuulizwa. Injini hizo nne zote zilikwenda kukatwa vyuma chakavu katika miaka ya 1960. Zilizosalia za kundi hilo ni Kolhapur, Bahamas, Leander na Galatea, basi.

Kwa hiyo mume wangu, Baba Nasra, mzaliwa wa Tabora na mtoto wa fundi wa reli, alipoiona Zanzibar juu ya meza ya mitumba ya treni kwenye ukumbi wa kanisa, aliinunua, akarudi nayo nyumbani akasema ni zawadi yangu. Wanaume wa Tabora wana adabu ya namna hiyo.

Kasoro ilikuwa mkiani. Nyuma ya injini ya mvuke hufuata tenda, lile behewa fupi la makaa na maji. Zanzibar yetu ilikuja na tenda nyembamba ya mtindo wa Fowler, mhandisi aliyetangulia: galoni 3,500 za maji, tani tano na nusu za makaa. Ilikuwa nyembamba kuliko kibanda cha dereva kilichoko mbele yake, hata ukiitazama kutoka nyuma unaona mabega ya kibanda yakichungulia kulia na kushoto. Zipo Jubilee zilizotembea hivyo hivyo na abiria wakafika salama. Lakini Baba Nasra alitaka tenda pana ya Stanier: galoni 4,000, yaani zaidi ya lita 18,000, tani tisa za makaa, na mbavu zinazojikunja kwa ndani huko juu.

“Tazama,” aliniambia, “imevaa suruali ya mdogo wake.”

Nilimuuliza nani atakayejua. Akanieleza kwamba zamani karakanani tenda zilikuwa zikihama: injini ikiingia kwa matengenezo, inafungwa tenda yoyote iliyo tayari, na ile yake inakwenda kufuata nyingine. Mimi nikadhani maelezo hayo yanaelekea kwenye kuiacha kama ilivyo. Kumbe alikuwa anajipa ruhusa.

Wakati huo mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja. Alikuja na sanduku moja la nguo, moja la vyakula, na deki yake ya kuchezea diski, aliyoipakata ndani ya ndege kutoka uwanja wa Kisauni hadi Manchester. Nilimwambia deki tunazo. Akasema zetu zinakwaruza. Diski zake za taarabu na za harusi za ukoo zimeizoea ile moja, na yeye ameizoea, na inapokaidi huipiga kofi la ubavuni ikaamka. Kila jioni baada ya kusali Isha hukaa sebuleni na chai yake ya maziwa, akatazama harusi ya mdogo wangu Salma tangu kupaka hina mpaka bibi harusi kupanda gari. Machozi humtoka pale pale kila siku, bwana harusi anapokanyaga pindo la kanzu yake mwenyewe.

Tenda mpya ililetwa na posta. Ilikuwa nzuri, sikatai. Baba Nasra alitandaza gazeti kwenye meza ya jikoni, akafungua skrubu moja, akaitoa ile nyembamba, akaipachika pana kwenye kipingo, yaani kile kijiti chenye tundu kinachoshika injini na tenda yake. Akaiweka Zanzibar juu ya reli. Akatuita sote. Akazungusha kitufe cha umeme taratibu, kisha si taratibu.

Zanzibar haikutikisika.

Nasra, ambaye ana miaka 14 na vyuma mdomoni, aliishika ile tenda nyembamba iliyowekwa pembeni akaipima kiganjani. “Baba, mbona hii nzito?” Akaigeuza chini juu. Tumboni mwake mlikuwa na mota, gia na magurudumu yenye pete za mpira. “Kwa hiyo injini haina injini?”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jirani yetu tunayepakana ukuta, mzee mstaafu mwenye dari nzima iliyojaa reli, alitueleza baadaye. Katika miaka ya 1970 na 1980 watengenezaji wa treni za mifano waliona ni rahisi kuiweka mota ndani ya tenda kuliko kuibana ndani ya tumbo jembamba la injini. Kwa macho unaona injini inavuta, kumbe inasukumwa na mzigo wake. Zanzibar yetu isitoshe ilikuwa mchanganyiko: mwili wa kampuni moja, tenda ya kampuni nyingine, kazi ya mikono ya mtu aliyekuwa nayo zamani, ambaye huenda mota yake ya kwanza ilimfia akaona bora aisukume kwa nyuma. Na umeme nao umegawanywa: injini huuchukua kutoka reli moja, tenda kutoka reli ya pili, waya mmoja mwembamba ukizikutanisha. Tenda mpya ilikuwa na magurudumu ya plastiki. Hata ungeipa mota, ingekufa njaa.

Mtu mwingine hapo angerudisha ya zamani akaendelea na maisha. Nililisema hilo. Nikasema pia kwamba kama taabu ni tenda, basi anunue mfano wa Garratt, zile injini za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki zilizobeba maji na mafuta yao juu ya mwili wao wenyewe. Ziliundwa 34 na Beyer Peacock, Manchester, si mbali na hapa, zikapewa majina ya milima yetu, na hazikuwa na tenda ya kumgombanisha mtu na mkewe. Akaniangalia kwa huruma. Garratt aliziona kwenye picha, alisema, lakini Tabora alikokulia ilikuwa ni injini na tenda, na kwa mtoto aliyesimama kando ya reli, tenda ndiyo inayopita mwisho, na kwenye tenda ndipo anapokaa mtu anayekupungia mkono.

Hilo sikuwa na jibu nalo. Nikamwachia meza.

Shauri lake lilikuwa kuhamisha mota na gia za tenda nyembamba na kuzipachika chini ya kiwiliwili cha tenda pana. Sasa, tenda ya Fowler ina futi 13 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na ya Stanier ina 15. Kwa kipimo chetu, futi moja ni milimita 4, kwa hiyo ni milimita 52 dhidi ya 60. Milimita 8 ni kitu gani? Ni upana wa penseli. Lakini ukizipuuza, magurudumu yanakaa mbali na vifuniko vya ekseli vilivyochongwa ubavuni, na kila mwenye macho anaona gurudumu liko hapa na kifuniko chake kiko kule. Baba Nasra akaikata fremu ya zamani vipande viwili kwa msumeno wa kukatia chuma, ili airefushe kwa plastiki. Alikata usiku, juu ya ubao wangu wa kupigia pasi, kwa sababu meza ya jikoni nilikuwa nimeanza kuidai.

Kabla ya kuunga aliona afadhali aisafishe mota. Ndani ya mota hizo kuna vijiti viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme, na kila kimoja kinasukumwa na springi nyembamba isiyofika urefu wa punje ya mpunga. Alifungua kifuniko. Springi moja ikaruka. Tulisikia mlio wake ukigonga mlango wa friji, halafu basi.

Tulitafuta kwa tochi, kwa sumaku, kwa kupiga magoti. Nasra alichungulia ndani ya mfuko wa mashine ya kufagilia, akapata hereni yangu ambayo nilikuwa nimeisamehe. Springi haikuonekana. Asubuhi Mama alikuwa amekaa na ungo mapajani akichambua mchele wa wali wa nazi. Tulipofika mezani mchana alituambia kwa masikitiko kwamba hata mchele wa Ulaya siku hizi una vyuma ndani yake, yeye kakiokota kimoja, chembamba, kimejikunja, akakitupa.

“Umekitupa wapi, Mama?” Baba Nasra aliuliza, kwa ile sauti ya chini anayoitumia kwa mkwewe.

“Pipani, mwanangu. Usiogope, nimetazama vizuri. Hamna kingine.”

Pipa lilikuwa limekwisha chukuliwa na gari la manispaa.

Nisimulie kidogo heshima iliyopo baina ya hao wawili, kwa sababu bila hiyo kisa hiki hakieleweki. Baba Nasra hakai kwenye kiti cha juu ikiwa mama yangu amekaa cha chini. Hali mbele yake mpaka aambiwe. Akimwamkia shikamoo huinama, mzee mzima mwenye mvi. Naye Mama hamwiti jina lake, na neno la kumlaumu hamwambii yeye. Hunipa mimi nimpelekee. Miaka yote ya ndoa yetu nimekuwa tarishi wa malalamiko, na bila mshahara.

Jirani ndiye aliyelitia wazo, wala sisemi alikuwa na nia mbaya. Alisema mafundi wengi wa treni za mifano mota kama ile ikiwafia hutia mota ya deki ya diski, ile ndogo inayofungua na kufunga trei. Inaenea, ina nguvu, inazunguka kwa utulivu. “Tafuta deki mbovu,” alisema.

Jioni ile ile Mama alibonyeza kitufe, deki ikakaa kimya, naye akasema kwa uchungu, “Deki hii naona imekufa.” Alikuwa akisema hivyo karibu kila jioni. Ni dua yake kabla ya kofi. Mimi najua, Nasra anajua, majirani zake wa Mkunazini kule Unguja wanajua. Baba Nasra alikuwa anapita ukumbini na kikombe cha chai. Alisikia alichokihitaji, akaendelea kupanda ngazi, na kofi lililofuata hakulisikia.

Siku iliyofuata Mama na mimi tulikwenda Stoke kwa watu. Tuliporudi deki ilikuwa mahali pake, imepanguswa vumbi, kitambaa chake cha kufuma kimelazwa juu. Siku ile Mama alikuwa amechoka. Ya pili yake alikuwa na mafua, akalala mapema. Mungu alikuwa anamnyooshea mkwewe kamba.

Wakati huo nyumba ilianza kupungukiwa na vitu vidogo vidogo. Tenda inayosukuma inahitaji uzito, la sivyo magurudumu yanateleza papo kwa papo. Basi pazia la sebuleni likaanza kupepea, maana vipande vya risasi vilivyoshonwa kwenye upindo wake ili litulie vilikuwa vimehama. Pete za mpira za magurudumu ya zamani zilikuwa zimekauka zikapasuka. Nasra akagundua kwamba vimpira vyake vya meno, vile daktari alivyompa avivalie kwenye vyuma, vinakwisha kabla ya tarehe. Waya wa kuchukulia umeme kutoka kwenye magurudumu ulitoka kwenye gitaa ambalo hakuna mtu hapa nyumbani anayelipiga, kwa hiyo hilo nililinyamazia. Kwenye ubao wangu wa pasi kulikuwa na tundu la kuungua, umbo la ncha ya chuma cha kulehemu. Nalo nililinyamazia, lakini kwa namna ambayo alinisikia.

Akafupisha pia kipingo, kwa sababu pengo kati ya kibanda na tenda lilikuwa pana mno. Dereva wa kweli, alisema, angedumbukia relini pamoja na sepetu yake. Ikawa inapendeza ikisimama. Lakini reli yetu ya jikoni inazunguka kwa nusu kipenyo cha milimita 438, kona ambayo treni ya kweli haijawahi kuota, na kila ilipofika konani pembe ya tenda iligonga kibanda na Zanzibar ikalala ubavu. Akakirefusha tena. Pengo likarudi. Siku hiyo alikula bila kuongea, ila mara moja tu, alipochota mchuzi kwa kijiko bakuli likiwa linasogea kwenda kwa Nasra, akatueleza kwamba John Ramsbottom, mkuu wa injini hapa hapa Crewe, mwaka 1860 alibuni mifereji ya maji katikati ya reli na kijiko kikubwa chini ya tenda, ili treni ijaze maji bila kusimama. Mchuzi ulimwagika. Mama alinitazama mimi.

Lililobaki ni makaa. Tenda tupu haipendezi, na makaa ya plastiki yaliyokuja nayo yalikuwa yanang'aa. Mafundi wa mifano husaga makaa halisi, wakayamwaga juu, wakayadondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo. Makaa halisi tulikuwa nayo. Mama alikuja na pakiti za makaa ya chetezo, yale vidonge vyeusi vya mviringo vya kufukizia udi. Ni makaa yaliyotiwa dawa ya kushika moto haraka. Ukikigusisha kibiriti kidonge kimoja, cheche hukimbia uso wake wote kabla hujatoa mkono. Baba Nasra alisaga kidonge kimoja kwenye kinu cha iliki. Akayamwaga juu ya tenda, yakakaa vizuri mno, akasema gundi atatia baada ya kujaribu mwendo.

Jumapili wanawake walikuja. Mama alikuwa amewaalika mashoga wawili watatu wa Kiunguja na Kipemba wanaoishi Manchester, waje wamwone Salma na hina yake. Sebuleni kulikuwa na kaimati, halua, na harufu ya manukato. Jikoni, mlango umefungwa, Baba Nasra na jirani walikuwa wanaiweka Zanzibar relini, tenda pana nyuma yake, imejaa makaa, inapendeza hasa. Mimi nilikuwa katikati na sinia.

Mama alibonyeza. Kimya. Akatoa ile dua. Akapiga kofi. Kimya. Akapiga la pili, na hilo nadhani lilifika mpaka kwa jirani wa upande wa pili. Taa ya deki iliwaka, ndani yake kitu kikajaribu kulia kikashindwa, trei haikutoka. Diski ya Salma ilikuwa imo ndani.

Na kutoka jikoni nikasikia Nasra akipiga kelele: “Inakwenda!”

Ilikwenda. Hilo lazima nimpe haki yake. Iliondoka taratibu, ikachukua kona, ikapita nyuma ya birika, tenda ikisukuma na Zanzibar ikijifanya inavuta. Lakini umeme wa reli ni volti 12, na mota ya trei imezoea tano au sita. Zinazobaki lazima ziende mahali. Baba Nasra alikuwa ametia rezista njiani kuzipunguza, ambayo ndiyo dawa yenyewe, isipokuwa aliitia ya robo wati, na jirani alituambia baadaye kwamba pale ilihitajika yenye uwezo wa mara kadhaa ya huo. Rezista hugeuza umeme kuwa joto. Ile ndogo ilikuwa imelazwa chini ya paa la tenda, paa la plastiki nyembamba, na juu ya paa makaa ya udi.

Mzunguko wa kwanza harufu ya plastiki. Wa pili moshi mwembamba. Wa tatu plastiki ilifunguka, na punje za makaa zikashuka juu ya rezista. Cheche zikakimbia juu ya tenda kutoka mbele kwenda nyuma, tss, na moshi wa kweli ukapanda kutoka kwenye gari moshi la Zanzibar kwa mara ya kwanza tangu lilipokuja kwetu. Makaa yale yalikuwa yamekaa kwenye mfuko mmoja na udi wa Mama tangu Unguja. Yalinukia.

Sebuleni shoga mmoja akainua kichwa. “Nani kafukiza?”

Jirani alikuwa ameshamwaga chai yake juu ya tenda. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni, buibui begani, akatazama: reli mezani, mkwewe ameshika bisibisi, kinu cha iliki kina weusi, pakiti ya makaa yake iko wazi. Ndani ya tumbo la tenda, pale plastiki ilipofunguka, kulikuwa na kitu cha duara cha fedha ambacho hakukijua. Akakitazama. Akageuka akaitazama deki kule sebuleni. Sijui alivyounganisha, huyu ni mtu aliyesoma madrasa na darasa la nane tu, lakini aliunganisha.

“Mwambie mumeo,” aliniambia, na mume mwenyewe yuko hatua mbili, “mwambie nataka mtoto wangu atoke humo ndani.”

Baba Nasra alikaa chini sakafuni, kwenye chai. “Mama, nisamehe. Nilisikia umesema imekufa.”

“Mwambie nilisema naona. Sikusema nimezika.”

Ilifuatia jioni ndefu. Diski ilitolewa kwa bisibisi na kibanio changu cha nywele, ikawa salama, ikachezwa kwenye deki yetu inayokwaruza, na bwana harusi akakanyaga kanzu yake, na Mama akalia, ila safari hii alikuwa na sababu mbili. Wageni walikula kaimati zote. Mmoja aliniuliza kwa chini kama mume wangu anatengeneza na mashine za kufulia.

Jirani alirudi kesho yake na kitambaa mkononi. Ndani yake mlikuwa na mota nzima ya tenda, na gia zake na magurudumu yake, iliyotoka kwenye mfano wa injini nyingine ya Stanier, ile ya mizigo na abiria wanayoiita Black Five, yenye tenda ya galoni 4,000. Milimita 60 kutoka ekseli hadi ekseli. Ilikuwa imekaa kwenye droo yake miaka yote. Baba Nasra alimuuliza mbona hakusema. Akasema hakuulizwa tenda, aliulizwa mota. Wanaume hawa wanaweza kukaa pamoja jioni nzima juu ya kitu kimoja bila kuambizana la maana. Hakutaka hela. Alitaka zile sambusa za Mama, na Mama, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye “tenkyu”, alimkaangia sahani iliyofurika, akaniambia nimwambie kwamba yeye angalau ni mtu aliyelelewa.

Ile mota ya trei ikarudishwa kwenye deki. Trei ikawa inatoka kwa kasi ya kutisha halafu inarudi kabla hujaweka diski, kwa hiyo Baba Nasra alilazimika kununua deki nyingine mpya kwa bei ambayo ingetosha kununua injini nzima, na tenda pana, na mota ndani yake, kwenye boksi lake. Hesabu hiyo niliipiga kwa sauti, mara moja, mezani.

Zanzibar sasa inatembea. Paa la tenda limezibwa, makaa ni ya mawe, yamegandishwa gundi kabisa. Pengo kati ya kibanda na tenda bado ni pana kuliko anavyotaka, naye hulitazama kwa jicho la pembeni akidhani simwoni. Mama hajawahi kumwambia neno moja kwa moja kuhusu yaliyopita, mpaka wiki ya kuondoka kwake, tunakunywa chai, treni inazunguka birika, yeye akaweka kikombe chini akamgeukia mwenyewe, bila kupitia kwangu.

“Baba Nasra. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiipanda ile treni ya Bububu. Ya Wamarekani. Inapita mitaani mjini, karibu na vibaraza. Ile unaweza?”

Alinyanyuka kitini. Reli ya Bububu ilifunguliwa mwaka 1905, alisema, kama maili saba, na upana wake futi tatu. Futi tatu mara milimita 4 ni 12, na reli za milimita 12 zinapatikana. Alikuwa ameshachukua penseli. Mwili atachonga, magurudumu ataagiza.

“Na mota?” Mama aliuliza.

Akainua macho akaanza kuzungusha jicho jikoni, taratibu, rafu hadi rafu. Lilipotua kwenye blenda niliichomoa ukutani, nikapanda nayo juu chumbani.